Hadithi fupi za Jules Verne kwa Kiswahili: shajara ya mradi

6 Januari

Nimeanza leo, baada ya kuahirisha tangu mwaka juzi. Mradi wenyewe ni kutafsiri hadithi fupi tano za Jules Verne moja kwa moja kutoka Kifaransa, zitoke kama kitabu chembamba. Riwaya zake sizigusi. Hizo kila mtu anazijua hata kama hajazisoma: nyambizi, kuizunguka dunia kwa siku 80, watu kurushwa mwezini kwa mzinga. Hadithi fupi ndizo zilizosahauliwa mvunguni.

Ruhusa haihitajiki. Verne alifariki Amiens tarehe 24 Machi 1905, na muda wa hakimiliki umepita zamani. Majarida yaliyochapa hadithi hizi kwa mara ya kwanza mengi yamepigwa picha na kuwekwa Gallica, maktaba ya mtandaoni ya Maktaba ya Taifa ya Ufaransa. Ninachohitaji ni bando, miwani na Kifaransa changu cha Bujumbura, ambako nilikaa miaka sita nikishika vitabu vya hesabu vya mfanyabiashara mmoja.

Orodha ya kwanza, nimeiandika nyuma ya risiti ya LUKU: siku moja ya mwandishi wa habari wa Marekani katika mwaka 2889, treni ya kupita chini ya Atlantiki, mji wa Amiens katika mwaka 2000, Daktari Ox, Adamu wa milele. Nimezichagua kwa sababu moja tu, nayo ni ya kibiashara. Nataka kwenye jalada pakae neno "mtabiri". Hilo linauza.

9 Januari

Hadithi ya 2889, kurasa nne za kwanza zimekamilika. Inatafsirika kama maji. Bwana mkubwa wa gazeti anaamka asubuhi na kumtazama mkewe aliye ng'ambo ya bahari kwa chombo kinachopitisha sura kwenye waya. Gazeti lake halichapwi tena, husomewa wateja kwa sauti kila asubuhi. Matangazo ya biashara yanamulikwa kwenye mawingu, na siku mbingu ikiwa nyeupe pe, idara nzima inakaa mikono mitupu ikilia hasara.

Hilo la mawingu limenichekesha hadi chai ikapoa.

15 Januari

Tatizo, na ni kubwa.

Nilikuwa natafuta tu tarehe ya kuchapishwa kwa hadithi ya 2889 ili niiandike chini ya kichwa. Nikaikuta: Februari 1889, katika jarida la The Forum la New York, kwa Kiingereza, jina la Jules Verne likiwa juu. Kumbe walioichunguza baadaye wanakubaliana kwamba iliandikwa kwa sehemu kubwa na mwanawe, Michel. Baba aliipitia, akaisoma kwa Kifaransa mbele ya Akademia ya Amiens, chama cha wasomi wa mji wake, mwaka 1891, ikaendelea kuhesabiwa kuwa yake.

Basi nikaitazama ile ya treni. Mambo ni yale yale, na zaidi. Ilitoka katika Le Figaro mwaka 1888 kwa jina la Michel mwenyewe. Miaka saba baadaye The Strand la London likaichapa kwa Kiingereza na kumwandikia baba. Mirija miwili chini ya bahari, mabehewa yanasukumwa kwa hewa, kutoka Boston hadi Liverpool kwa muda wa saa mbili na dakika 40. Ni ya mwana peke yake.

Na Adamu wa milele? Hiyo ilitoka Oktoba 1910 katika La Revue de Paris, miaka mitano baada ya mzee kuzikwa. Mkono wa Michel umo tele.

Yaani katika hadithi tano nilizozichagua kwa ajili ya utabiri wa baba, tatu zina alama za vidole vya mwana. Nimefunga kompyuta, nikaenda kununua mihogo.

16 Januari

Nimelala nalo, nimeamka nalo. Huyu Michel si mtu wa kupuuzwa. Alizaliwa 1861, akamsumbua baba yake ujana wote: madeni, wanawake, ugomvi. Mzee aliwahi kumfungisha katika nyumba ya kurekebishia watoto watukutu, kisha mwaka 1878 akampakia melini kwenda India apate adabu. Wakaja kupatana ukubwani. Baba alipofariki, mwana ndiye aliyetoa vitabu vilivyobaki, akiongeza sura, akibadili miisho, na walau riwaya moja akaiandika mwenyewe kuanzia mwanzo na kuibandika jina la marehemu. Kwa miongo mingi hakuna aliyehakiki. Mtafiti Mtaliano, Piero Gondolo della Riva, ndiye aliyekuja kuilinganisha miswada na vitabu katika miaka ya 1970 na kuufumua mshono.

Sisi watu wa pwani hatupaswi kushangaa sana. Tenzi ngapi zinabishaniwa mpaka leo ni za nani?

Lakini swali langu ni la jalada. Siwezi kuandika "Jules Verne, mtabiri" halafu utabiri wenyewe uwe wa Michel.

20 Januari

Uamuzi. Treni inatoka. Ni fupi mno, na mwisho wake (alikuwa akisoma gazeti, akasinzia) ni wa kivivu. 2889 inabaki, lakini kwa majina mawili, Michel kwanza. Nafasi iliyo wazi nitaijaza kwa kusoma upya zile alizoziandika baba peke yake. Hilo ndilo nililopaswa kuanza nalo, badala ya kukimbilia jalada.

3 Februari

Nimesoma wiki mbili. Kifupi: baba akiandika fupi hatabiri. Anatania, au anaogopa.

Hata hiyo Amiens ya mwaka 2000. Ni hotuba yake, aliisoma 12 Desemba 1875 mbele ya Akademia ya mji akiwa mkurugenzi wake. Nilidhani ni utabiri. Kumbe ni umbeya wa mji! Anaota kwamba ameamka na kila alichokuwa akilalamikia kimetengenezwa. Mpiga piano yuko Paris na anasikika London, Vienna, Roma na Peking kwa nyaya za umeme. Makapera wanatozwa kodi. Daktari analipwa ukiwa mzima, ukiugua malipo yanakatika. Nguruwe anaingia mashineni akiwa hai na kutoka upande wa pili akiwa mapaja mawili ya kuvutwa moshi. Wajumbe wenzake walicheka kwa sababu walizijua barabara zinazosemwa. Msomaji wa Kiswahili atahitaji maelezo kila baada ya mstari, na utani ukielezwa umekufa. Nayo inatoka.

(Ndiyo, najua alikuwa na riwaya ya Paris ya karne ya 20 ambayo mchapishaji wake Hetzel aliikataa, ikaja kuchapwa 1994. Hiyo ni riwaya. Na hata hiyo ni ya huzuni.)

Orodha mpya: Daktari Ox, Mwalimu Zacharius, msiba angani, Frritt-Flacc, na zile mbili za baba na mwana, 2889 na Adamu. Tano zimekuwa sita. Mwenzangu wa Bujumbura, ambaye amekubali kunipitia Kifaransa changu, amenitumia ujumbe wa sauti: "Dada, ulisema tano." Nimemjibu kwa kicheko.

12 Februari

Daktari Ox. Hii ndiyo nguzo ya kitabu, nitakaa nayo.

Ilitoka 1872 katika jarida la Musée des familles, kisha mwaka 1874 Hetzel akaitoa katika kitabu pamoja na nyingine. Mji unaitwa Quiquendone, uko Flanders, una wakazi 2,393, na mwandishi anakuambia toka mstari wa kwanza kwamba ukiutafuta kwenye ramani huuoni. Ni mji wa watu wapole kupita kiasi. Meya van Tricasse na diwani Niklausse wanakutana kujadili jambo walilolitafakari miaka kumi, na baada ya mazungumzo marefu wanakubaliana kwamba bado halijaiva. Mbwa hawabweki. Kwenye jumba la opera muziki wa haraka hupigwa taratibu kama bembelezo la mtoto.

Anakuja Daktari Ox na msaidizi wake, wanajitolea kuuwekea mji taa za gesi bure. Mabomba yanatandazwa kila nyumba. Kinachopita ndani yake siku za majaribio si gesi ya taa, ni oksijeni tupu. Watu wanaanza kubishana, kisha kupigana. Kabichi zinavimba bustanini. Okestra inakimbia na opera kama punda aliyekata kamba. Hatimaye mji mzima unatangaza vita dhidi ya mji jirani kwa ajili ya ng'ombe aliyevuka mpaka na kula majani karne nyingi nyuma.

Ugumu wa kwanza ulikuwa yale mazungumzo ya meya na diwani. Kwa Kifaransa uvivu wao umo katika vijineno vifupi vifupi: unafikiri? Nafikiri. Rasimu ya kwanza ilikuwa sahihi na haikuchekesha hata kidogo. Rasimu ya pili nikamwachia diwani aseme kama wanavyosema madiwani: suala linafanyiwa kazi, mchakato unaendelea, tuvute subira. Ghafla wakapata uhai. Nimejizuia tu nisiandike "tuko mbioni", ingawa moyo ulitaka, maana hao hawajawahi kuwa mbioni na chochote.

13 Februari

Majina. Daktari anaitwa Ox. Msaidizi wake ni Gédéon Ygène. Ukiyaunganisha kwa Kifaransa unapata oxygène, na huo ndio ufunguo wa hadithi nzima, umewekwa mlangoni na hakuna anayeuona.

Kanuni yangu ni kuyaacha majina ya watu kama yalivyo. Hapa nimeivunja. Kiswahili kimenipa zawadi: oksijeni. Daktari Oks, msaidizi Ijeni. Nimewapa wapwa zangu wawili ukurasa wa kwanza bila kuwaambia kitu. Mkubwa, wa kidato cha pili, alipofika mahali meya anawataja wote wawili kwa pamoja, akainua kichwa: "Shangazi, huyu katuweka!" Sijafurahi hivyo tangu mwaka uanze.

19 Februari

Jirani yangu muuguzi kasoma Ox. Swali lake: "Sisi wagonjwa tunawawekea oksijeni kila siku, mbona hawajatangaza vita?" Kweli. Hewa tunayovuta ina oksijeni takribani asilimia 21, na kuiongeza hakumfanyi mtu kuwa jemadari. Ikizidi kwa muda mrefu huumiza mapafu. Sayansi ya hadithi ni mzaha, na Verne anajua. Ukurasa wa mwisho anauliza, akijifanya hajui kitu: je, wema, ushujaa, kipaji na akili vyote ni suala la oksijeni tu? Anasema yeye haafiki. Lakini amekwisha kuliuliza, na wewe umebaki nalo.

Sehemu ya kemia ambayo ni kweli ni ile ya mwisho. Ox anapata gesi zake kwa kuyatenganisha maji kwa umeme, oksijeni huku, hidrojeni kule. Zinachanganyika kwa uzembe na mtambo mzima unalipuka. Nimeiongezea neno moja tu ambalo halimo, "mtungi", kisha nikalifuta. Hakuwa na mitungi.

Mtunzi wa muziki Offenbach aliifanya opera ya vichekesho mwaka 1877, Paris. Natamani ningeiona ile sehemu ambayo opera inachekesha kuhusu opera.

1 Machi

Wiki nzima bila umeme wa kutegemea. Hakuna maendeleo.

8 Machi

Msiba angani. Ni ya 1851, Verne akiwa na miaka 23, mhitimu wa sheria aliyekwisha kuchoka na sheria. Mtu anapaa kwa puto kutoka Frankfurt, na dakika ya mwisho mgeni anarukia ndani ya kapu. Ni kichaa. Wakiwa juu anaanza kusimulia historia ya ajali zote za maputo huku akitupa magunia ya mchanga moja moja, puto likizidi kupanda.

Hapa mji wangu wa Tanga ulinisaidia. Magunia yale ni uzito wa kutuliza chombo, na nilikuwa nimeandika "mizigo ya kupunguza uzito", sentensi ndefu isiyo na damu. Nikateremka hadi wanakofunga majahazi, nikamuuliza nahodha mmoja wanaitaje mawe na mchanga wanaoweka chini ya chombo kisipokuwa na shehena. Akanitazama kama nimetoka bara ya mbali. "Farumi." Nikamkumbuka bibi yangu aliyekuwa akilitumia kwa watu wasiotulia: huyu hana farumi. Basi kichaa anatupa farumi, na sentensi imejaa.

Kapu nililiita "susu" kwa siku mbili, kwa sababu linaning'inia. Mwenzangu wa Bujumbura hakuelewa kabisa, na mpwa wangu mdogo alidhani ndani kuna samaki wa jana. Limebaki kapu.

Kuna anayeniuliza kila akiniona kwa nini sitafsiri ile riwaya ya puto linaloondoka Zanzibar. Ni swali la haki. Riwaya yake ya kwanza katika mfululizo wa Safari za Ajabu, ya 1863, inaanzia Unguja: Daktari Fergusson na wenzake wawili wanaruka kutoka huko mpaka Senegal kwa wiki tano. Verne hakuwahi kukanyaga Unguja. Aliisoma kwenye vitabu vya wapelelezi kama Burton na Speke, na anawaandika wenyeji wakitaka kuliharibu puto kwa kudhani wageni wanakwenda kulidhuru jua na mwezi. Nikiitafsiri hiyo nitahitaji tanbihi nyingi kuliko matini. Hii fupi ya 1851 ndiyo mbegu yake, na haina mtu wa kumtukana isipokuwa kichaa mmoja wa Kizungu.

22 Machi

Frritt-Flacc. Kurasa chache sana, imeniweka wiki mbili.

Ilitoka mwishoni mwa 1884 katika Figaro illustré. Daktari Trifulgas, mtu mgumu, hamtibu asiyelipa kwanza. Usiku wa tufani wanamjia kumwomba akamwone maskini mmoja, mwoka kaki, anayekaa mbali: binti wa mgonjwa, kisha mke, kisha mama yake mzee. Anakubali pale tu fedha zinapofika. Anatoka na mbwa wake kwenye giza, volkano ikiwaka kwa mbali, anafika, anafungua mlango. Ni nyumba yake mwenyewe. Kitandani amelala yeye, anakata roho, na daktari aliyeletwa kumtibu ni yeye.

Je, ni hadithi ya kisayansi? Hapana, hata kwa kulazimisha. Lakini kitabu ni changu.

Kichwa ndicho kilichonitesa. Frritt ni upepo, flacc ni mvua. Kifaransa ni lugha yenye haya kwa milio, ndiyo maana kwao kichwa hiki kinashtua. Kiswahili hakina haya hiyo, milio tumejaliwa. Upepo haukuwa tabu: vuuu. Mvua ndiyo. Ndo ndo ndo ni matone. Chururu ni ya bomba au mchirizi, na methali imekwisha kuvitofautisha hivyo viwili, sina la kuongeza. Chubwi ni jiwe kutumbukia majini. Mvua ya Trifulgas haidondoki wala haichuruziki, inakupiga kofi usoni. Usiku wa jana ilinyesha kweli, tukazima taa na wapwa tukasikiliza bati. Mdogo akasema "pwaa". Mkubwa akasema "pwaa, lakini yenye hasira".

Kichwa: Vuuu! Pwaa!

5 Aprili

Adamu wa milele, rasimu ya kwanza imekamilika. Miaka elfu nyingi mbele, mtaalamu wa taifa lililoshinda mataifa yote anatembea akijivunia maendeleo ya binadamu. Wachimbaji wanafukua kasha la chuma, ndani yake mna maandishi ya lugha isiyojulikana. Anahangaika nayo miaka mpaka anayasoma. Ni shajara ya mtu wa zama zetu: bahari iliinuka Mexico ikameza kila kitu, wachache wakakimbia na motokaa mpaka kileleni, wakaokolewa na meli iitwayo Virginia, wakazunguka dunia isiyo na nchi kavu, wakafikia ardhi mpya iliyochomoza baharini. Watoto wao wakasahau kusoma. Wajukuu wakasahau nguo.

Kuna kitu kimoja ambacho Kiswahili kinakifanya vizuri kuliko Kifaransa. Katika taifa lile la baadaye kuna ngano ya kale ya wazazi wa kwanza, Hedom na Hiva. Mfaransa inabidi afikirie kidogo kuifikia Ève. Kwetu ni Hawa. Msomaji anafika kabla ya mtaalamu mwenyewe, anabaki akimsubiri afike, na hapo ndipo baridi inapokuingia.

Majina mawili kwenye hii. Safari hii nimeyaandika bila kinyongo. Kama Michel ndiye aliyeifikisha hapa, basi alikuwa mwandishi.

26 Aprili

Mwalimu Zacharius. Nimeibakiza mwisho kwa woga.

Ni ya 1854. Fundi saa wa Geneva, zamani, nyumba yake iko juu ya mto Rhône. Amebuni kile kinachoifanya saa ipige hatua badala ya kufyatuka, na kwa kiburi anaamini ameigundua siri ya roho kukaa mwilini. Kisha saa zote alizowahi kuuza zinaanza kusimama, moja baada ya nyingine. Anazifungua, hakuna kilichoharibika. Kila moja ikisimama, naye anadhoofika. Binti yake Gérande na mwanagenzi Aubert wanamtazama akiisha. Inabaki saa moja tu inayotembea, ya chuma, kwenye kasri milimani, na mwenye kasri ni kibwengo kizee aitwaye Pittonaccio ambaye bei yake ni binti.

Maneno ya ufundi siyajui. Kesho naenda Ngamiani, hapa hapa Tanga.

27 Aprili

Kuna mzee ana meza ya kioo chini ya baraza, barabara ya nane, anatengeneza saa tangu kabla sijazaliwa. Sasa kazi yake kubwa ni kubadilisha betri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Imesimama?"

Nikamweleza kwamba sina saa, nina hadithi. Akaniwekea kigoda.

Kamani nililijua, ule utepe wa chuma unaoviringishwa ukitia saa ufunguo. Akrabu nililisahau, akanikumbusha kwamba mishale ya saa wazee waliiita hivyo, kwa nge. Gurudumu dogo linalokwenda na kurudi bila kuchoka yeye analiita roho ya saa. Kile kipande chenye ncha mbili kinachozuia jino na kuliachia hana jina lake, "kidude tu". Kwenye lenzi nikaona kina umbo la nanga, na Wafaransa wanakiita hivyo hivyo, ancre. Basi nanga. Kwenye tafsiri, roho inakwenda na kurudi, nanga inaachia meno moja moja.

Kisha nikamsimulia saa zote kusimama bila kosa. Akatikisa kichwa. "Saa ya kamani ina magonjwa yake. Vumbi, mafuta kukauka, kamani kukatika. Zote zikisimama na huoni ugonjwa, huyo hakukosea ufundi. Huyo kalogwa."

2 Mei

Kichwa kidogo cha hadithi kinasema fundi aliyepoteza âme yake. Nikiandika "aliyepoteza roho", kila mtu ataelewa kwamba amekufa, hadithi imekwisha kabla haijaanza. Nikiandika "nafsi" inakuwa mahubiri. Siku tatu nimegeuza hivi na vile. Lakini mzee wa Ngamiani kishaiita roho ile inayokwenda na kurudi ndani ya saa. Na Zacharius anapoteza zote tatu: ya saa, ya mwili na ile nyingine. Roho inabaki. Aliyedhani amekufa tu atajua mwishoni.

10 Mei

Aibu. Mwenzangu wa Bujumbura amelikamata kosa ambalo ningelichapa. Mwisho wa hadithi ni usiku wa manane, kengele inagonga mara kumi na mbili. Nimeandika: "ilipofika saa kumi na mbili usiku". Nimelifuata gurudumu la Kifaransa mpaka nikasahau kwamba nasema Kiswahili. Kwa msomaji wangu hiyo ni machweo, watu wanatoka kazini.

Na si hapo tu. Saa ya kasri kila ikifika saa kamili inatoa maandishi mapya ya kufuru kwenye uso wake, na hadithi inazihesabu. Akrabu iko kwenye tano, sisi tunasema kumi na moja, kengele inagonga tano. Nimetafuta njia ya kulikwepa, kisha nikajiuliza nakwepa nini, ikiwa kila Mswahili hufanya hesabu hiyo kila akitazama ukutani. Msimulizi anataja saa kwa Kiswahili, kengele inagonga kwa idadi yake. Saa sita za usiku, mapigo kumi na mawili. Nimeirudia hadithi nzima kwa kalamu nyekundu, makosa saba.

24 Mei

Hesabu ya leo: hadithi sita, zote zina rasimu ya pili. Ox na Vuuu! Pwaa! zimekamilika. 2889 ndiyo niliyoanza nayo na sasa ndiyo inayonichosha. Vitu vyake vingi tunavyo mfukoni, na kitu kikishakuwa mfukoni hakisisimui tena. Mawingu peke yake bado yananichekesha. Nitaiweka katikati ya kitabu, isianze wala isimalize. Neno "mtabiri" limeondoka jaladani.

31 Mei

Nimemsomea mzee mwisho wa Zacharius, barazani, baada ya alasiri. Wateja wawili wa betri walisubiri, kisha wakakaa nao.

Nilifika pale mapigo ya saa sita za usiku yanapoanza, maandishi ya mwisho yanajitokeza, na ile saa ya chuma inapasuka. Kamani inaruka nje na kukimbia ukumbini ikijipinda, na fundi mkongwe anaikimbilia akipiga kelele kwamba ni roho yake, akijaribu kuishika, haimkai mkononi.

Mzee alinyamaza kidogo. "Huyo aliyeandika hakuwahi kufungua saa," akasema. "Kamani ikitoka kwenye kikombe chake hairuki hivyo. Haikimbii ukumbi mzima."

Akavuta droo, akatoa saa ya mezani iliyokufa, akaibana kwa koleo, akaanza kukifungua kikombe ili anionyeshe inavyotoka. Ikamponyoka. Ikalia kama nyuki, ikapita juu ya kioo, ikampiga mteja mmoja kifuani, ikaingia chini ya makabati ya duka la jirani.

Tumeitafuta kwa tochi za simu, watu wanne tumepiga magoti barabara ya nane, mpaka adhana ya magharibi. Hatukuiona. Mzee alisema nirudi Jumatatu, atakuwa amefagia.